Msiba Tuliousafirisha Hadi Patmo

Tangu turudi, kila Jumapili baada ya ibada mnanishika mkono kwenye meza ya chai na kuniuliza, "Mzee Kihiyo, Patmo ikoje?" Nami huwajibu kwamba ni kisiwa, kina mawe mengi na paka wengi, kisha nawauliza habari za wajukuu zenu. Najua jibu hilo halitoshi. Wengine mmeshasikia vipande vya habari kutoka kwa wenzangu wa safari, na katika vipande hivyo mimi natajwa kama mtu mwenye busara. Hilo ndilo lililonikalisha mezani niandike. Habari za viza, bima na kusubiri majibu naziruka, kila mmoja wenu anazijua. Naanzia kwenye ndege.

Kutoka Sydney hadi Istanbul

Tulikuwa watu wa kutosha kujaza basi dogo: Wakenya wengi, Watanzania wachache, Wakongo na Warundi, wote wa ushirika wetu wa St Marys na vitongoji vya jirani. Mchungaji Barasa ndiye aliyebuni safari. Tungeona baadhi ya makanisa ya Asia yanayotajwa katika Ufunuo, kisha tuvuke bahari hadi kisiwa ambako Yohana aliyaona maono yenyewe. Kwa kuwa sisi ni sisi, kabla mizigo haijapimwa tulikuwa tumeshaunda kamati. Nilichaguliwa mwenyekiti kwa sifa mbili: mvi zangu, na kwamba nilikuwa msalani wakati wa uchaguzi. Mama Esperansi wa Bukavu akawa katibu kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti. Mchungaji akawa mlezi, cheo ambacho kazi yake ni kuomba kwa muda mrefu.

Kwenye ndege niliwekwa karibu na Jerusha. Wengi mnamfahamu, yule nesi Mkisii wa nyumba ya wazee kule Blacktown. Yeye ndiye aliyemhamisha kijana aliyekuwa kwenye kiti hicho. "Mzee, mimi nimezoea wazee," aliniambia. "Kaa hapa nikuone ukimeza dawa za presha. Nyinyi huwa mnazificha kwa shavu." Akafungua chapati alizofunga kwenye karatasi ya foili, akanigawia.

Nilimweleza jambo ambalo wengi wenu mmenisikia nikilisema hadi mkachoka. Tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari kule Usambara, baridi ikitugandisha bwenini, nilisoma Ufunuo nikajiambia siku moja nitakaa pale alipokaa Yohana. Baadaye miaka yote niliyoendesha lori la makontena bandari ya Port Botany, nikiwa kwenye foleni ya getini, jambo hilo ndilo lililonipa subira. Sikutaka Roma wala Yerusalemu. Nilitaka Patmo.

"Mimi nataka Efeso," Jerusha akasema. "Nione pale walikuwa wanauza vile visanamu vya mungu wao wa kike, nimnunulie dada yangu kimoja. Atanitukana, halafu ataweka juu ya televisheni."

Dada huyo ni Kemunto, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Walipigiana simu kila Jumapili. Nililala nikiwa nayajua maisha ya Kemunto yote, pamoja na ng'ombe wake mkorofi.

Istanbul tulicheleweshwa na sare. Kamati ilikuwa imeamua kitenge cha buluu chenye taa saba za dhahabu, mashati kwa wanaume na magauni kwa wanawake, nami kama mwenyekiti nilipitisha. Afisa wa uhamiaji alitutazama tulivyojipanga, akamwuliza Mama Esperansi kwa Kiingereza, "Ninyi ni kwaya?" Mama Esperansi hajawahi kuulizwa swali hilo akalijibu kwa maneno matupu. Akaimba ubeti mmoja. Afisa akauliza, "Mtaimba wapi?" Naye akasema, "Kila mahali." Afisa akaifunga pasipoti taratibu, akamwita mkubwa wake. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu tukieleza kwamba hatuna onyesho lolote katika nchi yao, sisi ni watalii tu, na kila tulipokaribia kuaminika, wenzetu wa nyuma ambao hawakujua kinachoendelea walikuwa wakiitikia wimbo.

Efeso

Kiongozi wetu wa watalii aliitwa Nilgun, mwanamke wa makamo mwenye kibendera cha manjano na viatu vya kutembea kwenye mawe. Alikuwa msomi wa kweli, na ugonjwa wake ulikuwa neno "labda". Labda Paulo alipita njia hii. Labda nyumba hii ilikuwa ya tajiri fulani. Wataalamu wengine wanaamini, wengine wanapinga. Baadhi ya wazee wetu hawakifuati Kiingereza vizuri, kwa hiyo Mchungaji Barasa akawa anatafsiri. Nilgun angesema kwa uangalifu kwamba inawezekana, ingawa hakuna ushahidi wa kutosha, kwamba mtume alisimama karibu na sehemu hii. Mchungaji angetugeukia na kusema, "Anasema alisimama hapa hapa."

"Maneno yote yale kumbe ni hayo tu?" Mama Esperansi akauliza.

"Kizungu hurefusha," Mchungaji akajibu.

Katika ule uwanja mkubwa wa michezo ya kuigiza, ambako watu wa Efeso walipiga kelele kumpinga Paulo, tuliimba. Ilikuwa imekatazwa, bango lilikuwepo, na mimi nililisoma nikanyamaza kwa sababu sauti yetu ilipendeza. Mlinzi akapuliza filimbi. Watalii wa Kikorea wakapiga makofi. Mlinzi akapuliza tena, nao wakadhani filimbi ni sehemu ya wimbo, wakapiga makofi kufuata mlio wake.

Mchana tulipelekwa mahali ambapo hapamo katika Biblia. Lilikuwa duka la makoti ya ngozi. Walitupa chai ya tofaa, wakazima taa, wakafungulia muziki, na vijana warembo wakaanza kupita mbele yetu wamevaa makoti, wakigeuka, wakitukonyeza. Wazee wa kanisa waliona haya wakaangalia viatu vyao, kisha wakaangalia makoti. Hapo ndipo simu yangu ilipolia.

Alikuwa Denis, mpwa wake Jerusha, mwanafunzi anayeishi hapa Sydney.

"Mzee, uko peke yako?"

"Niko dukani. Sema."

"Auntie Jerusha asisikie. Auntie Kemunto ametuacha. Ni presha, alianguka tu jikoni. Mazishi ni Jumamosi. Wazee nyumbani wamesema Auntie asiambiwe na simu. Sasa wewe ndiye chairman, utajua vile utafanya."

Nikasema, "Sawa mwanangu, pole sana, niachie." Niligeuka. Jerusha alikuwa amevalishwa koti jekundu na kijana wa dukani, anajitazama kwenye kioo na kucheka. "Mzee," akaniita, "nikienda na hii Kisii, Kemunto atasema nimeokoka nikarudi nyuma." Ilikuwa Jumatatu. Kutoka pale hadi uwanja wa ndege wa Izmir ni mwendo mfupi wa basi, na kutoka Istanbul kuna ndege za moja kwa moja hadi Nairobi. Hayo nilikuwa nayajua nikiwa nimeshika ile bilauri ya chai.

Laodikia

Kamati ilikutana siku iliyofuata nyuma ya nguzo, katika magofu ya kanisa lililoambiwa kwamba si moto wala si baridi. Hakuna aliyelitaja andiko hilo.

Nilifungua kikao kwa kueleza habari. Mchungaji akafunika uso kwa kofia yake ya kitenge. Mama Esperansi akasema, "Mungu wangu," kisha akasema, "Ile habari haisemwi hapa. Mutu haambiwe akiwa njiani. Ataanguka kwa mawe hii, nani atamubeba?"

"Mila zetu zote ziko hivyo," Mchungaji akasema. "Anaambiwa akiwa nyumbani, amekula, amekaa na watu. Tumngoje afike Sydney."

"Mazishi ni Jumamosi," nikasema.

Wakanitazama. Walikuwa wananingoja mimi, maana ndiyo kazi ya mwenyekiti. Nami nikasema kamati imeamua aambiwe Sydney, kwa heshima ya mila. Tukafunga kwa sala, fupi kwa mara ya kwanza.

Siri ikienezwa na kamati haiwi siri. Kufikia chakula cha mchana kila mtu ndani ya basi alikuwa anajua isipokuwa Jerusha, na kila mtu aliamua kumtendea wema. Alipewa kiti cha mbele. Alibebewa mkoba. Wazee waliokuwa hawawezi kupanda ngazi walimshika mkono kumpandisha ngazi. Kila aliyenunua lokumu, zile peremende laini zenye unga mweupe, alimpelekea kipande, hadi akawa na mfuko mzima mapajani. Mama Esperansi aliichukua simu yake akidai ana picha za kupiga, akakaa nayo, na kila ilipotaka kulia akaizima. Jerusha alipoiomba aliambiwa betri imekwisha, tena na tena, hadi akauliza betri za wengine zinachajiwa wapi.

"Kwani mimi nimeugua?" akaniuliza tukishuka basi. "Mbona nyinyi wote mnaniangalia kama mgonjwa wangu wa chumba cha mwisho?"

"Tunakupenda tu, mwanangu."

"Jana mlikuwa hamnipendi?"

Nikamwambia aangalie ngazi.

Jioni hotelini, jua lingalipo, Nilgun alinijia nikiwa namenya chungwa. Alikuwa ameona ile mikutano ya nyuma ya nguzo, akadhani tunalalamikia huduma yake. Nikamweleza. Alinisikiliza bila "labda" hata moja. Akasema kwao pia wazee hufanya hivyo. Kisha akasema, "Uwanja wa ndege uko karibu na hapa. Naweza kupiga simu sasa, gari likaja asubuhi. Atafika Nairobi mapema kabisa. Keshokutwa mtavuka bahari kwenda Ugiriki, mimi sitakuwa nanyi, na visiwani kule kutoka kunategemea upepo. Nipige?"

Nataka mlielewe jambo hili kama lilivyokuwa. Mtu aliyefiwa haachwi asafiri peke yake. Angelazimika kusindikizwa hadi Kisii akabidhiwe kwa watu wake, na wa kumsindikiza asingekuwa mwingine ila mwenyekiti. Kuvuka kwenda Patmo kulikuwa keshokutwa. Nililitazama lile chungwa nikaona miaka yote ya foleni ya makontena. Nikamwambia Nilgun asante, lakini mila zetu haziruhusu.

Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akaniacha na chungwa langu.

Kutoka Kusadasi hadi Patmo

Tulivuka kwanza hadi kisiwa cha Samo, kutoka hapo tukachukua meli nyingine. Bandarini Kusadasi, kabla hatujavuka, Nilgun alituaga mmoja mmoja. Alipofika kwa Jerusha alimkumbatia muda mrefu, na Jerusha akanitazama juu ya bega lake.

"Hata huyu?" akaniuliza baadaye.

Bahari ilikuwa imeanza kuchafuka. Mchungaji alitapika kwenye mfuko aliopewa wa lokumu. Mama Esperansi alilala chali kwenye sakafu ya meli na simu ya Jerusha chini ya mgongo. Aliyetuhudumia wote, akitugawia limau na kutufuta nyuso, alikuwa Jerusha. Mimi pia alinifuta. Alinipa dawa ya presha akasubiri hadi nimeze.

Asubuhi yake, Ijumaa, tulipanda kwenda kwenye pango. Mnaniuliza likoje. Ni dogo. Limejengewa kanisa jeupe pembeni, na ukutani kuna tundu ambamo husemwa Yohana aliweka kichwa alipolala, na jingine aliloshika akiinuka. Nilgun angetuwekea "labda" hapo. Mtawa mzee mwenye ndevu alituonyesha kwa kidole tukae kimya. Nilikaa kwenye kibao kandokando ya mwamba, pale hasa nilipokuwa natamani kukaa, nikangoja kuhisi kitu. Nilihisi goti langu. Mbele yangu Jerusha alikuwa amefumba macho, na nilikuwa nautazama mgongo wake tu.

Mchungaji akamwomba mtawa ruhusa ya kuomba kwa ufupi. Mtawa hakumjua, akakubali. Mchungaji akaanza na viongozi wa Australia na wa nchi zetu zote, nchi kwa nchi. Akaenda kwa wagonjwa, wanafunzi, wanaofanya usafi usiku maofisini mjini, wanaotafuta kazi, wajane, mabaharia, na mtawa mwenyewe. Akaishiwa watu. Mchungaji akiishiwa watu hawezi kunyamaza, mnamjua. Ulimi wake ukaenda ulikozoea kwenda: "Na mfariji, Baba, binti yako Jerusha, katika kipindi hiki kigumu cha kuondokewa na dada yake mpenzi."

Tukaitika "Amina" sote kwa nguvu, kwa mazoea. Jerusha naye aliitika.

Kisha pakawa kimya kuliko mtawa alivyokuwa ameomba. Jerusha akafumbua macho, akageuka kututazama safu kwa safu, na hakuna aliyemwangalia. Akasimama akatoka nje. Kamati ikanitazama mimi.

Nilimkuta kwenye ukuta mfupi unaotazama bandari.

"Mzee. Ni Kemunto?"

"Ndiye."

"Ulijua lini?"

"Efeso. Kwenye duka la makoti."

"Nikiwa nimevaa lile koti."

"Ndiyo."

"Wanazika lini?"

"Jumamosi."

Akatazama chini bandarini kana kwamba anahesabu boti. "Kutoka Efeso ningefika?"

"Ungefika."

"Laodikia je?"

"Na Laodikia ungefika."

"Kwa nini, Mzee?"

Nikaanza yale ya mila, kwamba mtu haambiwi habari za msiba akiwa njiani. Akanikatiza bila kupandisha sauti. "Usinifundishe. Kwetu pia iko. Mtu anaambiwa mgonjwa amezidiwa, watu wanamkalisha kwa gari, wanampeleka nyumbani. Wanamficha wakimpeleka. Nyinyi mlinificha mkinitoa."

Ni kweli. Hata kwetu Usambara ni hivyo hivyo, na nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Sikuwa na pa kujificha tena.

"Nilitaka kuiona Patmo," nikasema. "Ningekuambia, ningelazimika kwenda nawe."

Paka mmoja akaja akajisugua kwenye kitenge chake.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Haya," akasema, akaanza kushuka kwenda bandarini.

Jumamosi hotelini

Upepo ulikuwa umefunga bandari. Kwenye ofisi ya meli mwanamume mmoja alituonyesha bahari kwa mkono, kama mtu anayetuonyesha bosi wake. Hakuna meli ya kwenda Pirea, bandari ya Athene, leo, hakuna kesho, labda Jumapili. Patmo haina uwanja wa ndege. Jerusha alimwuliza kwa utaratibu, mara ya kwanza, ya pili, kisha akamshukuru. Mama Esperansi akamrudishia simu akilia. Jerusha aliiwasha, ikaanza kutetemeka kwa salamu zote za rambirambi zilizokuwa zimekusanyika humo, ikatetemeka muda mrefu mkononi mwake.

Mazishi tuliyatazama Jumamosi katika chumba cha kifungua kinywa. Mmezoea, siku hizi kila mazishi ya Kenya yanarushwa kwenye simu. Tuliegemeza simu kwenye birika la chai. Kamati iliamua kwamba heshima inadai sare, kwa hiyo tulikaa pale kwenye kitenge chenye taa saba za dhahabu, mbele ya skrini ndogo kuliko kiganja, tukisogeleana. Mtandao ukikatika, tulikuwa tunaliona jeneza limesimama hewani na watu wamefungua vinywa. Ukirudi, wimbo ulikuwa umeshafika ubeti mwingine.

Mama mwenye hoteli, Mgiriki mnene aliyevaa nyeusi, alichungulia begani mwetu akaelewa bila kuambiwa. Akaleta kahawa nyeusi, mikate mikavu, na glasi ndogo zenye kitu cha rangi ya kahawia, akamwekea kila mtu. Kwao ndivyo wanavyoketi na wafiwa. Mchungaji alidhani ni dawa ya kifua, akanywa yake yote, macho yakamtoka. Alipogundua ni brandi ilikuwa imeshafika. Akasema kukataa kungemvunjia mwenyeji heshima. Wazee wa kanisa, kwa ajili ya heshima hiyo, wakamaliza za kwao.

Kisha mshereheshaji kule Kisii akaanza kuwataja wafiwa. Kaka mkubwa, yupo. Watoto, wapo. "Na mdogo wake Jerusha, aliye Australia. Tungependa awe nasi leo, lakini kazi imemzuia. Tunajua huko nje kazi ni kazi." Umati ukaguna, ule mguno wa watu wanaosamehe.

Jerusha hakulia alipoliona jeneza. Alilia hapo.

"Kazi," akasema. "Niko na likizo. Niko hapa nakula lokumu."

Mtandao ukakatika. Uliporudi walikuwa wanafukia.

Kurudi St Marys

Safari ya kurudi haina la kusimulia. Meli ilikuja, Athene tuliiona kupitia dirisha la basi, na Mchungaji alitafsiri magofu yote tuliyopita bila kuwepo wa kumpinga. Jerusha alikaa nyuma na Mama Esperansi. Dawa zangu nilimeza mwenyewe.

Tulipofika nilimpigia simu kaka mkubwa wa Jerusha kule Kisii, kwa hiari yangu, Jerusha akiwa ameketi sebuleni kwake akinisikiliza. Nilimweleza mzee yule kwamba Jerusha hakuzuiwa na kazi, alizuiwa na mimi. Nilimweleza na sababu. Alikohoa kidogo akasema, "Asante sana, ndugu yangu. Umejitwika lawama ili kumtunza mtoto wetu. Wewe ni mzee kamili." Nikarudia. Akanishukuru tena, akaniombea maisha marefu.

Jerusha akachukua simu akaongea nao kwa Kikisii. Sikuelewa alichosema. Alipomaliza alinifungulia mlango.

Kisha, kama mnavyojua, mkafanya matanga pale ukumbini St Marys. Wengi wenu mlikuwepo, lakini mlikuwa mnakula, kwa hiyo nalieleza. Mchungaji alisimama akasimulia jinsi mwenyekiti alivyoubeba msiba kwa hekima kutoka Efeso hadi Patmo bila mfiwa kutikisika njiani. Mkapiga makofi. Mama Esperansi akapendekeza nibaki mwenyekiti wa safari ijayo, na mtu fulani akaunga mkono na mdomo umejaa.

Nikasimama. Nikasema sikuubeba kwa hekima. Nikasema gari lilikuwa tayari kuja Laodikia na nikalikataa, kwa sababu nilitaka kukaa kwenye pango na sikutaka kumsindikiza mtu Kisii. Nikasema dada wa watu alizikwa bila mdogo wake ili mimi nikakae kwenye kibao.

Mkacheka, kwa upole. Mchungaji akasema, "Mnaona? Huo ndio unyenyekevu wa wazee wetu." Mkapiga makofi tena, marefu kuliko ya kwanza, nami nikabaki nimesimama sijui nifanye nini na mikono yangu.

Jerusha alikuwa anazunguka na birika, anamimina chai kwenye vikombe, maana hata kwenye matanga yake mwenyewe hawezi kukaa. Akafika kwenye kiti changu, akajaza kikombe, akasema bila kuinua macho, "Acheni makofi. Mzee anasema ukweli."

Kisha akaenda kummiminia wa pembeni.